Maji Yaliyobaki Bombani

Mke wangu amenipiga marufuku kuangalia juu tukiwa madukani. Anasema watu wa Qurum, mtaa wa hapa Maskati, watadhani ameolewa na mtu aliyepagawa, maana naingia kununua mkate na shingo iko darini, nahesabu sprinkla. Kwa asiyezijua, sprinkla ni vile vichwa vidogo vya shaba vilivyopangwa darini, kila kimoja na kichupa chekundu katikati. Moto ukiwaka, kichupa hupasuka kwa joto na maji humwagika. Nimezihudumia kwa miaka thelathini na saba. Nimestaafu tangu kabla ya Ramadhani, lakini shingo haijapewa barua yake.

Nyinyi wa warsha ya kampuni, mliponiomba niandike kuhusu kazi ya baridi, yaani namna ya kuzuia mabomba ya kuzimia moto yasigande, nilikubali kabla hamjamaliza kusema. Nyumbani sina kazi. Nimeshakaza koki zote za nyumba yetu na za jirani, na jirani ameanza kufunga geti akiniona. Naandika nimesimama kwenye kaunta ya jikoni, kwa sababu nikikaa goti linacheza na meza inahama. Vyeo na mishahara sitavigusa. Sijawahi kuona cheo kikizuia bomba lisipasuke. Nitawaeleza namna kazi inavyofanywa, na nitawaeleza kosa moja, ambalo ndilo linaloninyima kukaa.

Niliingia kampuni nikiwa na miaka ishirini na tatu. Siku hizo ukimwambia mtu wa Maskati kwamba kazi yako ni kuzuia maji yasigande, anacheka mpaka anashika ukuta. Barafu na Maskati wapi na wapi? Hata mimi nilicheka. Nusu ya warsha ilikuwa watu wetu, familia zilizorudi Omani kutoka Unguja na Pemba, na wachache waliotoka bara. Kiswahili kilikuwa lugha ya chai na ya kugombana, Kiarabu cha barua, Kiingereza cha ramani. Meneja naye alikuwa mzaliwa wa Unguja mjini, na alijisifia Kiswahili chake kama wengine wanavyojisifia gari.

Nilikabidhiwa kwa Fundi Mansur, mkuu wa kazi za maghala ya baridi. Alikuwa ndiyo kwanza anakaribia miaka arubaini, mfupi, mwenye viganja vipana, na kizibao cha sufi alichokivaa hata mwezi wa Juni, maana saa yoyote tungeingia kwenye ghala la nyuzi ishirini chini ya sifuri. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Aliniuliza, "Maji yakiganda yanapunguka ao yanaongezeka?"

"Yanapunguka," nikasema, kwa uhakika wote wa mtu asiyejua.

"Kesho leta chupa ya kioo yenye kifuniko."

Nikaleta chupa ya mama ya maji ya waridi. Akaijaza pomoni, akaifunga, akaiacha ghalani. Siku ya pili alinikabidhi vipande vyake ndani ya gazeti. "Sasa fikiria hii ni bomba ya chuma, na wewe umesimama chini yake." Mama alinigombeza wiki nzima, na alikuwa na haki.

Nyumba za kawaida hapa mjini huachiwa maji ndani ya mabomba mwaka mzima, wala hakuna tatizo. Ghala la baridi haliwezi. Humo mabomba huwa makavu. Ndani yake kuna hewa tu, iliyosukumwa na kompresa, na hewa hiyo ndiyo inayoibana valvu kubwa isiruhusu maji kupita. Valvu yenyewe hukaa nje ya baridi, kwenye chumba chake. Sprinkla ikipasuka, hewa hutoka, valvu huachia, na maji hukimbilia kwenye moto. Kwa hiyo adui mkubwa wa mfumo huu wa maji ni maji. Kikombe kimoja kikibaki ndani kinageuka kizibo cha barafu, na siku ya moto maji yanafika pale yanasimama. Au barafu inapasua kiungo, hewa inavuja, na ghala linanyeshewa bila ya moto.

Watu hudhani hatari yetu ni Januari. Baridi yetu mbaya huja Julai, wakati Maskati imelowa kwa mvuke wa bahari na shati linakuganda mgongoni. Kompresa huvuta hewa hiyo hiyo iliyolowa, na unyevu wake huganda mara tu bomba linapopita ukuta wa ghala. Mansur alinifundisha kukagua hapo kwanza, hatua mbili tatu ukishapita ukuta. Hakuwa na mashine. Alikuwa na mpini wa nyundo. Anagonga bomba na kusikiliza. Bomba tupu hulia. Lenye barafu hujibu kwa sauti nene, kama mtu mwenye mafua. Nyinyi mna kamera za kuingiza bombani, na ni nzuri, lakini gongeni kwanza.

Chombo chake cha pili kilikuwa pimamaji ya mbao, ambayo hakumwazima mtu. Kila bomba kavu lazima liinamie upande wa koki ya kutolea maji, na mwinamo huo haupo milele. Vishikio vinalegea, bomba linashuka katikati, linafanya tumbo, na tumbo linahifadhi maji. Alikuwa akipanda ngazi na kile kizibao chake, anaweka pimamaji juu ya bomba, anaangalia kiputo chake cha hewa kimekaa wapi, anashuka, anasogeza ngazi hatua tatu, anapanda tena. Ghala zima, kwa siku nzima. Nilimwuliza kwa nini asipime mwanzo na mwisho akaishia hapo. Akasema mwanzo na mwisho ndiko kila mtu anakopima.

Sasa niseme kuhusu Kiswahili chake, kwa sababu humo ndimo nilimoangukia. Mansur ni Mwomani kama sisi, ila babu zake walipita Unguja wakaendelea mpaka Kongo, na yeye alizaliwa Kindu. Alipofika warshani mara ya kwanza alikuwa akiyaita maji "mayi", na watu wetu wa visiwani wakamfanyia mzaha usiokwisha. "Fundi, leo mayi yako yako wapi?" Alivumilia, halafu akabadilika pole pole. Nilipomkuta mimi alikuwa akisema maji kama sisi, isipokuwa akikasirika. Warsha nzima ilijivunia kwamba imemsafisha ulimi. Laiti tungalimcheka maneno yake yote, moja moja, mpaka la mwisho.

Nimeinuka kwenda kuangalia koki ya bustani. Haivuji. Naendelea.

Nilikuwa na mwaka wa nne kazini. Ghala lilikuwa Matrah, karibu na Bandari ya Sultan Qaboos, wakati bandari ingali ya mizigo na meli za watalii hazijaichukua. Lilikuwa la samaki na kuku. Mashine za baridi zilikuwa zimezimwa na mizigo imetolewa, ili tufanye jaribio kamili: unaiachia hewa makusudi, valvu inafunguka, maji yanaingia mabombani, unapima yamechukua muda gani. Jaribio ni jepesi. Kazi huanza baada yake, kuyatoa maji yote kabla baridi haijarudishwa, na wenye ghala walitaka kuirudisha siku ile ile.

Ndani kulikuwa na bomba moja lililofanya tumbo. Mansur alilijua, alikwishaandika barua kishikio kibadilishwe, na barua ilikuwa ikizeeka kwenye meza ya mtu. Dawa ya muda ilikuwa kusukuma hewa kwa muda mrefu mpaka maji ya tumboni yatambae yatoke. Tukakubaliana yeye akae chumba cha valvu kwenye kompresa, mimi niende upande wa pili wa jengo kwenye koki ya chini, niyaachie maji. Kati yetu palikuwa na ukuta mnene na redio mbili za mkononi zinazokoroma. Mpaka siku hiyo tulikuwa tukifanya kazi bega kwa bega, na mkono wake ulikuwa ukisema kabla ya mdomo. Siku hiyo nilikuwa na sauti yake tu.

Maji yalitoka kwa nguvu, yakapungua yakawa unene wa kidole, kisha yakawa uzi. Nikabonyeza redio.

"Fundi, yameshakuwa membamba. Nifanyeje?"

"Tosha maji, Suleiman. Tosha!"

Nikafunga koki. Baada ya kitambo akaniuliza, "Tayari?" Nikamjibu, "Tayari, fundi." Tukakunja mipira ya maji, tukatia saini, tukaenda kula.

Wiki tano baadaye kiungo kilipasuka pale pale penye tumbo. Hewa ikavuja, valvu ikaachia, na maji yakaingia kwenye ghala lenye baridi kali, yakawa yanaganda huku yakishuka. Bomba likazidiwa na uzito likaanguka. Lilimpiga begani dereva wa forklifti, Mhindi wa Kerala aliyekuwa akipanga makasha, akavunjika mtulinga. Alipona, na kwa miaka mingi tukawa tunapungiana mikono bandarini. Lakini siku ile tulimtoa mle akiwa na barafu kwenye ndevu, analia kwa lugha yake, na mimi ndiye niliyemshika miguu.

Meneja alituita mmoja mmoja. Nilikuwa wa kwanza.

"Nani aliyekwambia ufunge koki?"

"Fundi Mansur, kwa redio."

"Kasema nini? Nnataka neno kwa neno."

"Kasema, tosha maji."

Akaandika. Sikuongeza wala sikupunguza hata herufi. Kisha akaitwa Mansur, akaulizwa kama ni kweli alisema tosha maji. Nilikuwa nje kwenye benchi, nikamsikia akijibu kwamba ndiyo, alisema, tena mara mbili. Alisema kwa sauti ya mtu aliyejitetea vizuri. Meneja akafunga daftari. Kwake yeye Mansur alikuwa amekiri.

Barua ikatoka. Mansur ameamuru kazi isimamishwe kabla ya kwisha, na mtu ameumia. Akaondolewa kwenye kazi za nje, akapelekwa stoo kugawa glavu na boliti. Hakufukuzwa, na meneja aliona amefanya hisani kubwa. Mimi nilimsikitikia sana, na nilishangaa pia, kwamba fundi mwangalifu kama yule alikuwa amechoka mapema namna ile.

Ijumaa nilikwenda kwake Azaiba kumpa pole. Mkewe, Bi Zuwena, naye mzaliwa wa Kindu, alikuwa mlangoni, na watoto wanaingia mbio kutoka msikitini.

"Tosheni viatu!" akawapigia kelele. "Tosheni viatu, musinichafulie zulia!"

Watoto wakavua viatu. Nikasimama pale pale na kiatu kimoja mkononi. Kisha Bi Zuwena akageukia jikoni na kumwambia binti yake, "Tosha ile sufuria kwenye moto, wali unaungua." Na sufuria ikaondolewa motoni.

Kwetu sisi kitu kikitosha, basi, kimefika kiasi. Mtoto wa Unguja ukimwambia "tosha", amesikia simama. Kwao, kutosha ni kutoa. Mansur aliniambia niyatoe maji, niyatoe, nisiache, na mimi nikafunga koki juu ya maneno yake mwenyewe.

Nilikula wali wake siku ile na sikusema kitu. Alinitilia nyama ya upande wake. Aliniambia nisijali, kazi ina mitihani, na nikilirudia ghala lile nihakikishe kile kishikio kimebadilishwa. Nilijiambia nitasema kesho, kwa meneja, ndiko kunakofaa kusemwa. Nilirudi nyumbani nikiyapanga maneno.

Jumamosi Mansur alinitangulia. Sijui nani alimfumbua macho. Nadhani aliisoma ile barua mara nyingi mpaka akaona ilikokosea. Alipotoka kwa meneja hakunitazama. Meneja akaniita ndani. Alikuwa akicheka, anajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Hebu njoo usikie vituko. Mansur anasema eti kwao tosha ni toa! Mtu mzima kama yule, wallahi. Mie nimezaliwa Vuga, nimesomeshwa Kiswahili kwa bakora. Hicho si Kiswahili. Wewe ushapata kumsikia mtu akisema hivyo?"

Swali lilikuwa jepesi. Jibu lake nilikuwa nalo, la jana tu, mbichi. Lakini aliyefunga koki ni mimi, na kama neno la Mansur lilikuwa sawa, basi kosa lilikuwa linatafuta mtu mwingine wa kukaa naye. Na meneja alikuwa anacheka, ananitazama, anasubiri nicheke.

Nikacheka. "Sijapata kusikia, bwana," nikasema.

Nilikuwa mwoga. Nimelitafuta neno laini zaidi kwa miaka thelathini na tatu na sikulipata.

Nilisema vyeo sitavigusa, lakini hiki lazima nikiguse: nafasi ya Mansur nilipewa mimi. Kila asubuhi nilikwenda kwenye dirisha la stoo kuchukua vifaa, na yeye ndiye aliyenipa, na pamoja na glavu alinipa mashauri. Ghala gani leo? Lile la pembeni, angalia nyuma ya mlango, kuna koki haipo kwenye ramani. Nilikwenda, nikaikuta, nikasifiwa. Miaka kumi na saba alikaa nyuma ya dirisha lile mpaka alipostaafu. Tangu siku aliyotoka kwa meneja hakusema Kiswahili tena kazini. Alisema Kiarabu tu, hata na sisi tuliomlea ulimi. Wenzangu walisema anaringa. Mimi nilijua, nikawaacha waseme.

Kutokana na hayo nilitunga ile sheria mnayoicheka. Hakuna kusema tosha, basi, khalas wala tayari kwenye redio. Taja nambari ya koki. Sema iko wazi au imefungwa. Mwenzako arudie ulichosema, ndipo ufanye. Maji hayaishi kwa neno la mtu; yanaisha pale unapoweka karatasi laini mbele ya koki, hewa inaipeperusha, na karatasi inabaki kavu. Halafu funga, subiri robo saa, fungua tena, kwa sababu maji yana tabia ya kujificha na kushuka ukishageuka mgongo. Kesho yake rudi. Wiki inayofuata rudi. Nilirudi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na nyinyi mkaniita Bwana Rudia. Hakuna aliyeniuliza sheria imetoka wapi, na mimi nilishukuru kwa hilo.

Baridi ya kweli, ya mbinguni, nilikutana nayo mara moja tu, katika hoteli moja Jabal Akhdar. Ilikuwa imejengwa kwa ramani za Maskati, mabomba yenye maji yamepitishwa nje chini ya ukingo wa paa, na Januari ile sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imekaa kwenye vioo vya magari. Tukayamwaga maji ya mabomba ya nje tukayageuza kuwa makavu, na chumba cha pampu tukakitia hita na kipimajoto. Wenye hoteli walikuwa wameyavika mabomba sufi wakadhani kazi imemalizika. Sufi haileti joto, inachelewesha baridi tu; bomba lililovikwa nalo huganda, ila kwa heshima. Siku ile nilipanda na kushuka ngazi mara kumi na moja, kuiangalia kila koki kwa macho yangu, na mafundi wenzangu watatu wako juu na redio mikononi. Wakanung'unika kwamba mzee hana imani na watu. Sikuwa na imani na sikio langu.

Siku ya kuniaga mlisimama mkasema sijapata kuacha tone bombani. Mkapiga makofi. Meneja mpya, kijana mwema ambaye hajui lolote kati ya haya, akanikumbatia. Nilitaka kukaa na kiti sikukiona. Tangu siku hiyo ndiyo sikai. Natembea pwani asubuhi, narudi, nasafisha gari safi. Mke wangu alidhani ni kuzoea kustaafu. Wiki mbili zilizopita nilimwambia yote. Akasema, "Mimi unaniambia ya nini? Nenda Azaiba."

Nikaenda, baada ya sala ya alasiri. Mansur amepungua mwili, viganja ni vile vile. Bi Zuwena akatuletea tende na dele la kahawa akatuachia sebule. Mansur akawa ananimiminia, nakunywa, ananimiminia tena, maana sikukitikisa kikombe kuonyesha nimeridhika.

"Suleiman, kikombe hukitikisi," akasema. "Kahawa ya nne hii. Una nini?"

Nikamwambia. Nilianza na redio, na neno, na koki niliyoifunga. Akanikatiza kwa mkono.

"Hiyo naijua. Wewe mutoto wa Unguja, ulisikia vile mama yako alikufundisha. Sikukuwekea kitu moyoni hata siku moja. Nilimwambia Zuwena wakati ule, yule kijana angalijua, angalisema."

Pale ndipo ningeweza kushukuru. Ningembusu kichwa, ningetikisa kikombe, ningerudi nyumbani na kukaa kwenye kiti changu. Mzee alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe.

"Fundi, nilijua," nikasema.

Akaliweka dele chini. "Ulijua lini?"

"Ijumaa ile, nilipokuja kukupa pole. Nilimsikia Bi Zuwena akisema na watoto. Na Jumamosi meneja aliponiuliza kama nimepata kulisikia neno lile, nilisema sijapata. Nikacheka pamoja naye."

Nilimsikia Bi Zuwena jikoni akiosha vyombo, kisha maji yakafungwa, na nadhani naye alikuwa anasikiliza. Mansur aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Nilijua anahesabu nini. Miaka kumi na saba ya dirisha.

"Kosa ya sikio nilishakusamehe," akasema mwishowe. "Hii ingine sikuwa nayo. Nipatie muda."

Nikasema ndiyo. Akainuka kwa tabu, akanisindikiza mpaka nje kama desturi, akanipa mkono bila ya kuubana, akaingia ndani.

Nyinyi wa warsha, ile barua ingali kwenye faili lake. Naomba karatasi hizi mzitie juu yake, na anayekuja kusoma habari za Mansur wa maghala ya baridi aanze na hizi. Alisema toa maji. Alisema mara mbili. Aliyefunga ni mimi, na aliyenyamaza ni mimi.

Simu iko hapa kwenye kaunta, uso juu. Imelia mara mbili tangu nianze kuandika, na mara zote mbili alikuwa binti yangu. Mimi nina miaka sitini. Fundi Mansur ana miaka sabini na sita, na ameniomba muda.